Keti Nyuma Kwanza

Bado naikumbuka, mwanangu, ile siku Bi Rukia alipokwama ndani ya gari la Mwalimu Otieno na korti yetu nzima ikatoka nje kutazama. Korti ndilo jina tulilozipa zile nyumba za zamani za Eastlands zilizozunguka uwanja mmoja, na katika uwanja huo hakuna jambo lililoweza kutokea bila watu kulijua. Mimi nilikuwa kijana, karani wa reli, na nilikuwa nimesimama karibu kuliko wote kwa sababu gari lile nililichagua mimi.

Lazima kwanza nikueleze desturi yetu, maana siku hizi nikiisimulia watu hudhani naitunga. Gari jipya likiingia kwetu, au hata kuukuu ambalo ni jipya kwa mwenyewe, halikuhesabiwa kuwa gari mpaka mama mkubwa kuliko wote katika korti awe amelikalia. Alikalishwa nyuma, si mbele, akapelekwa polepole hadi sokoni Kariobangi na kurudishwa. Akishuka aliulizwa swali moja tu: umeona nini? Akijibu vizuri, alimwombea mwenye gari, kisha chai ikanywewa na watoto wakaruhusiwa kupanda. Kabla ya hapo gari lilikuwa mgeni tu, hata kama mwenyewe ameliosha likang'aa.

Miaka hiyo mkubwa wetu alikuwa Bi Rukia, mjane wa mfanyabiashara wa vitambaa, mrefu, mwenye sauti ya chini ambayo ilikulazimu unyamaze ndipo uisikie. Sisi wengine wengi tulikuwa Wakristo kutoka magharibi mwa nchi, yeye alikuwa Mwislamu, lakini dua yake ya gari hakuna aliyethubutu kuikosa. Mafundi hodari waliingia uwanjani na magari yao wakiwa na wasiwasi kama watoto wanaosubiri matokeo.

Nami nilikuwa nani? Nilikuwa kijana asiye na hata baiskeli, lakini niliyajua magari yote ya Jogoo Road kwa ngurumo kabla hayajatokea. Nilijua ni lipi lililobadilishwa taa mwaka upi na kwa nini mkia wa lile la Kijerumani ulipunguzwa. Mwalimu Otieno alipopata uwezo wa kununua gari, aliniita akaniuliza anunue lipi, na mimi sikufikiri hata dakika. Nilimwonyesha gari jekundu la milango miwili, boneti ndefu, paa linaloteremka kutoka kichwani mwa dereva hadi kwenye mkia bila kukatika popote. Nilikuwa nikilitazama lile gari hadi nasahau kurudi kazini.

Basi Bi Rukia alikalishwa. Kiti cha mbele kilikunjwa, akainama, akajipenyeza na buibui lake, na gari likaenda Kariobangi likarudi. Kushuka ndiko kulikoshindikana. Buibui lilinasa kwenye chuma cha kiti, goti likagoma, na kwa muda mrefu tuliona mkono wake tu ukitafuta mahali pa kushika. Mwalimu Otieno alivuta mkono mmoja, mimi wa pili, na wanawake wakawa wanatuelekeza wote kwa pamoja. Alipotoka alijinyoosha, akapanga buibui lake taratibu. Kila mtu alingoja aulizwe ameona nini, ila hakuna aliyekuwa na uso wa kumuuliza.

Aliniita mimi, si mwenye gari.

"Wewe kijana wa reli. Ndiwe uliyemchagulia mwalimu?"

"Ndimi, Bi Rukia."

"Kila siku nakuona umeinama mbele ya magari ya watu, kama unayaamkia. Sijakuona hata mara moja ukifungua mlango wa nyuma."

Nikamjibu kwamba gari lile halina mlango wa nyuma. Nilidhani nimemjibu vizuri, na vijana wenzangu walicheka.

"Basi aliyelichora alishaamua nani abaki nyumbani," alisema. "Siku ukinunua lako, mwanangu, keti nyuma kwanza. Ukae kabisa, ufunge mlango, utulie. Huko ndiko atakakokaa mtu ambaye huwezi kumwambia atembee kwa miguu."

Kisha akamwombea Mwalimu Otieno dua ndefu kuliko kawaida, nadhani kwa kumhurumia. Vicheko vilikatika. Mimi nilirudi ndani nikakaa kitandani na masikio yangu yanawaka, nikijiambia kwamba bibi huyu hajui lolote kuhusu magari. Na kweli hakujua. Hakuwa na haja ya kujua.

Mwanangu, nilipokuja kununua langu, miaka ilikuwa imepita na nilikuwa na mke. Mwenye gari alinifungulia mlango wa dereva, nami nikaenda nikafungua wa nyuma, nikakaa, nikajifungia. Yule bwana alizunguka akachungulia dirishani, akaniuliza kama natafuta gari au natafuta dereva. Lilikuwa gari refu la Kifaransa, rangi ya maziwa, la aina ya wagoni, lenye viti safu tatu. Uso wake haukuwa mzuri, nakiri. Taa zake zilikuwa zimelegea pembeni, ukilitazama kwa mbele ungedhani limeamshwa usingizini. Lakini pale nyuma paa lilikuwa limeinuliwa kidogo ili kichwa cha mtu kipumue. Dirisha lilianzia kwenye kiwiko. Ukizungusha mpini, kioo kilishuka chote, mpaka kikazama mlangoni. Na juu, kandokando ya paa, kulikuwa na mfereji wa chuma wa kukinga mvua, ambao ndio tuliofungia keria ya mizigo.

Bi Rukia alikuwa amezeeka, macho yamefifia, lakini alikuja akakalishwa. Tulipompitisha sokoni nilimsikia huko nyuma akisalimiana na watu kupitia dirishani. Akateremka mwenyewe, mguu mmoja kisha wa pili, kama mtu anayeshuka kitandani. Nilimuuliza ameona nini.

"Nimeona watu," alisema. Aliwataja mmoja mmoja, na wengine nilikuwa nimewapita bila kuwaona mimi mwenye macho mazima.

Sijawahi kusifiwa kazini nikafurahi vile.

Gari hilo lilifanya kazi ambayo sitaimaliza kuisimulia. Binti yangu Nafula karibu azaliwe ndani yake. Majirani waliofariki walisafirishwa juu ya keria yake hadi kwao magharibi, majeneza yamefungwa kwa kamba kwenye ule mfereji wa mvua, na sisi tumekaa chini yake tukiimba usiku kucha ili dereva asilale. Bi Rukia mwenyewe alipofariki tulikunja viti, wanawe wakaliingiza jeneza kwa nyuma, na mimi nikaendesha taratibu hadi makaburini mlango wa nyuma ukiwa wazi. Na mke wangu alipougua ule ugonjwa uliomchukua, alilala kwenye kiti cha nyuma kila tulipotoka hospitalini, kichwa chake kwenye mto, na uso wake ukifika dirishani bila yeye kujiinua. Aliniambia nipunguze mwendo tukifika sokoni. Alitaka kuona nyanya zimepangwaje siku hiyo.

Basi nisikilize sasa, kwa sababu wengi wenu mnaniita Mzee wa Ndai, yaani mzee wa magari, na mnakuja kuniuliza gari lipi zuri, halafu jibu langu hamlipendi. Yupo kijana mmoja pale kwa waosha magari, Brayo, kijana mwema, ambaye hunionyesha picha kwenye simu.

"Mzee, cheki hii ndai. Si ni moto?"

"Imekasirika," namwambia.

"Imekasirika aje?"

"Tazama macho. Tazama mdomo. Imekasirikia nani?"

Naye hucheka, lakini mimi sitanii. Magari ya siku hizi yamechorwa yakiwa na hasira. Taa nyembamba kama macho ya mtu anayekutishia, mdomo mbele umeachama hadi chini, na pembeni matundu ya plastiki ambayo ukiingiza kidole unakuta yamezibwa, hayapitishi hewa yoyote. Nyuma wamechora mabomba mawili ya moshi ya uongo, bomba lenyewe la kweli limejificha chini kwa aibu. Ubavuni wanapandisha mstari kutoka mlango wa mbele kwenda nyuma, unazidi kupanda, ili gari lionekane linakimbia hata likiwa limeegeshwa mtaani Umoja. Mstari huo ukipanda, dirisha la nyuma linakufa. Wakimaliza wanatia kioo cheusi juu ya hicho kidirisha kilichobaki. Na rangi, ni nyeupe, nyeusi au majivu. Zamani uwanja wetu ulikuwa na gari la kijani, la manjano, la rangi ya chungwa, na mtoto aliyetumwa kwa Baba fulani alielekezwa kwa rangi ya gari.

Sitasema uongo, magari ya zamani yalikuwa na makosa yake. Yaliwaka joto juani. Milango ilioza kwa chini, breki zilikuhitaji uombe kabla ya kuzikanyaga, na ukigonga kitu, usukani ulikuja kifuani. Nimezika watu ambao haya ya leo, na mifuko yake ya hewa, yangewarudisha nyumbani wakichechemea. Hilo nalikubali mbele ya mtu yeyote.

Lakini kinachonikatisha tamaa, mwanangu, si wachoraji wa magari mapya. Ni wale wanaosema wanapenda ya zamani. Alikuja bwana mmoja kutoka upande wa pili wa mji, mtu wa kikundi cha wapenda magari ya kale, viatu vyake safi sana kwa uwanja wetu. Alikuwa amesikia kwamba kuna mzee ana gari la miaka ile. Tulikuwa tumeshaambiwa tuhame, korti inabomolewa ijengwe ghorofa, na gari langu lilikuwa halitembei tena kwa kukosa vipuri. Nilipomwona moyo wangu uliruka. Nikafuta kiti cha nyuma kwa koti langu la kazi, nikamfungulia mlango.

Hakukaa. Alilizunguka, akainama mbele, akapiga picha ya uso.

"Ni gari nzuri, Mzee. Lakini hizi zilikuwa za kazi, hazitafutwi. Sisi tunatafuta zile za milango miwili."

Akanionyesha picha. Lilikuwa jekundu, paa linateremka hadi mkiani bila kukatika. Sijui kama ni lile lile la Mwalimu Otieno, yawezekana ni ndugu yake. Alisema lilipatikana limetelekezwa kwenye banda, likatengenezwa upya, na sasa linafunikwa kwa kitambaa laini na kutolewa siku za maonyesho tu. Nilimuuliza kama kuna mtu amewahi kuketi nyuma.

"Nyuma tunaweka kofia," alisema, akacheka.

Basi nikajua. Yatakayobaki ni yale yaliyopendwa kwa sura. Yaliyobeba wagonjwa na maharusi na maiti yatakatwa yote, na vitukuu vyetu wataonyeshwa lile jekundu waambiwe, hivi ndivyo babu zenu walivyosafiri. Nilikaa ndani ya gari langu hadi jua likazama, na sikuwa hata na hasira. Nilikuwa nimechoka.

Nilihangaika. Nililiombea nafasi kanisani, mchungaji akasema kwa upole kwamba uwanja hautoshi hata kwa magari ya waumini. Nililiombea shuleni, wakaogopa watoto wataumia. Vijana walikuja kupiga picha wakiwa wamekaa juu ya boneti, wakaniambia gari ni klasiki, wakaenda zao. Nafula anakaa Komarock, kwenye ghorofa ambayo kila nyumba ina nafasi moja ya kuegesha, na nafasi hiyo ina gari lake. Nilipomtazama hakuningoja niseme.

"Baba, nitaiweka wapi? Niambie wewe mahali, nitaiweka."

Sikuwa na mahali pa kumwambia. Simlaumu, na wewe usimlaumu. Ndiye aliyenipa chumba katika nyumba ambayo hata yeye inambana.

Siku ya kulipeleka skrapu, kwa wakata vyuma chakavu wa Kariobangi, lilifungwa kamba nyuma ya pikapu. Ilihitajika mtu wa kushika usukani, na watu wote walinigeukia mimi. Nikamwambia Brayo ashike yeye. Mimi nikafungua mlango wa nyuma, nikaketi mahali pa mke wangu, nikateremsha kioo chote.

"Mzee, huko nyuma uko sawa?" Brayo aliniuliza.

"Endesha tu, kijana wangu."

Nilikuwa na miaka mingi sijakaa pale. Niliona watu, mwanangu. Niliona mama aliyepanga nyanya zake nne nne, na mwanamume anayenyolewa chini ya mwavuli, akanitambua, akainua mkono na sabuni shingoni. Niliona wazee wenzangu wawili kwenye benchi nje ya msikiti, wakasimama gari lilipopita, maana walilijua. Mtoto alikimbia kando yetu akaniuliza kama gari limekufa. Nikamwambia ndiyo. Njia ile si ndefu, lakini nilikuwa naomba kamba ikatike.

Kwenye yadi ya skrapu, kijana mwenye nyundo aligonga mlango, akatega sikio, akatabasamu.

"Hii ni bati ya ukweli, mzee wangu. Siku hizi hatupati kama hii. Hapa tunatoa majiko safi sana."

Alisema kwa heshima, alitaka nifurahi. Nilimshukuru. Nilitaka kumwonyesha kile kiti cha nyuma, nimwambie nani alikaa pale, lakini alikuwa ameshaanza kulegeza bawaba za milango na wenzake walikuwa wanamngoja. Brayo aliniletea funguo. Sikujua nizifanyie nini, nikazitia mfukoni.

Nafula alikuwa ametufuata na gari lake. Ni jipya, rangi ya majivu, refu kwa kimo, na ubavuni lina ule mstari unaopanda. Sasa nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Siku aliyolinunua alikuja kunionyesha kwetu kwenye korti. Mimi nilikuwa nimesikia kwamba anakuja, na kwa kuwa wakubwa wangu wote walikuwa wamekwisha kufa, nilijua zamu ya kukalishwa ni yangu. Nilivaa koti. Nilikaa mlangoni nikingoja aseme, Baba, njoo uketi. Alinifungulia mlango wa mbele akanionyesha kioo kikubwa cha kugusa, kinavyoongea na kinavyocheza muziki, nami nikasifu. Kisha akaangalia saa, akaniaga. Hakukusudia vibaya. Alikuwa amesahau tu, na aliyemfundisha desturi ile alikuwa mama yake, ambaye hakuwepo wa kumkumbusha. Nilivua koti nikalitundika.

Pale kwenye yadi alinifungulia tena mlango wa mbele.

"Kaa mbele, Baba."

"Leo nakaa nyuma," nilimwambia. "Gari hili lako halijamkalisha mtu."

Alisimama ameshika mlango. Nikaona jinsi jambo lile lilivyomrudia usoni, akainamisha kichwa. Akaja akanifungulia wa nyuma.

Tulitoka Kariobangi tukashika njia ya Komarock. Kiti kilikuwa laini. Hewa ilikuwa baridi, gari halikutikisika, kelele zote za barabara zilibaki nje. Dirisha lilianzia begani mwangu, likapanda likawa jembamba kule nyuma, na kioo chake kilikuwa cheusi. Niliona nyaya za umeme. Niliona vichwa vya ghorofa na mawingu. Watu walikuwepo huko chini, nilijua wapo, maana hapo ndipo mahali penye watu wengi kuliko pote ninapopajua. Nilibonyeza kioo kishuke. Kilishuka nusu kikagoma, ndivyo kilivyotengenezwa. Nilijinyoosha kiunoni nikaumia, nikaacha.

Nyuma yetu nilidhani nasikia nyundo. Labda haikuwa ya gari langu, Kariobangi nyundo hazinyamazi.

"Baba," Nafula aliniambia akinitazama kwenye kioo chake. "Umeona nini?"

Nilikuwa nimelingoja swali hilo, na sasa nililiogopa. Mtoto amefanya kazi miaka mingi kulinunua lile gari. Akigongwa, litamlinda kuliko ambavyo langu lingemlinda. Ningemjibu nini?

"Kiti ni laini," nilisema.

Katika korti yetu hakuna aliyewahi kujibu kwa kusifu kiti, na yeye alikulia pale. Aliendesha kidogo, akasogea kando ya barabara akasimama. Akashuka, akazunguka, akaingia huku nyuma akaketi karibu nami na kufunga mlango. Ni mrefu kunishinda, akainua shingo. Akateremsha kioo cha upande wake, kikafika nusu.

"Huku hakuonekani kitu," alisema.

"Ndiyo."

"Na Mama alikuwa anaona kila kitu."

"Alikuwa anaona."

Alilia, mwanangu, mwanamke mzima. Hatungeweza kulirudisha gari la mama yake kwa sababu lilikuwa linakatwa saa ile ile. Hatungeweza kuteremsha dirisha la gari lake. Kila kitu kilikuwa kimekwisha kuchorwa zamani, mbali, na watu ambao hawatujui na hawakuwahi kufikiri kwamba kuna mzee atakayekaa hapa. Bodaboda walianza kutupigia honi. Akajifuta, akarudi mbele, tukaenda Komarock.

Sasa naishi kwake. Ananipeleka kliniki na hunikalisha mbele, lakini mguu wangu unazidi kukakamaa, na daktari ameshasema karibu nitahitaji kuunyoosha kwenye kiti chote cha nyuma. Siku hiyo haiko mbali. Nitapitishwa sokoni Kariobangi, njia niliyoipita miaka yote, na nitaona nyaya za umeme. Jikoni kwa Nafula kuna jiko jipya la bati nene. Sijauliza limetoka wapi.

Basi usia wangu ni huu, mwanangu, na nilipewa na Bi Rukia, asiyejua hata usukani unashikwaje. Ukienda kutazama gari, liwe la leo au la kale, usianze na uso wake. Uso unatazamwa na wapita njia. Fungua mlango wa nyuma. Kama halina mlango wa nyuma, ujue umeshaambiwa jambo. Keti, funga, tulia, kisha ujiulize mama yako ataona nini akiwa hapa, na ataona nini akiwa amelala. Na kama una kalamu na wewe ndiye unayechora, iwe ni gari, iwe ni nyumba, iwe ni hizo ghorofa zinazopanda mahali korti yetu ilipokuwa, keti nyuma kwanza kabla hujauchora uso. Sisi hatukuwafundisha mapema, tukadhani desturi itajifundisha yenyewe. Imekufa mbele ya macho yangu na sina matumaini makubwa kwamba itafufuka.

Lakini kuomba bado najua. Mungu akupe gari, mwanangu, na akupe watu wa kulijaza. Akuepushe na barabara mbaya na akufikishe kila uendako. Na siku itakapofika zamu yako ya kuketi nyuma, akujalie dirisha.